Waya Uliopita Juu ya Vichwa

Nilipokuwa nikisomesha jiografia katika miaka ya 1980, ramani yetu ya ukutani iliiita Katanga kwa jina la Shaba. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini nchi ipewe jina la kile kinachochukuliwa kwake. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Na sisi Pemba si ndio kisiwa cha karafuu?

Huko ndiko liliko shimo la Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa humo, zama za Wabelgiji. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika nacho kiliwashwa Kongo, mjini Leopoldville (Kinshasa ya leo), mwaka 1959. Kilikuwa cha utafiti. Hakikuwasha hata taa moja ya barabarani.

Migodi ilipotaka umeme zaidi, serikali ya Mobutu iliuleta kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700. Kazi ilimalizika mwaka 1982. Umeme ule ni wa mkondo wa upande mmoja. Kijiji hakiwezi kuuchota njiani mpaka kijengewe kituo cha kuubadilisha, nacho ni ghali mno. Basi waya ukapita juu ya vichwa vya watu waliokaa na vibatari.

Sasa na kwetu Tanzania nyuklia inatajwa, maana urani ipo Mto Mkuju, Namtumbo, na mwaka 2025 kilizinduliwa kiwanda cha majaribio. Wanaoitaka wana hoja nzito: mgodi haulali, na mvua ikikosa bwawa hupungua. Lakini urani ghafi bado si kuni. Kwa vinu vingi lazima isafishwe na kurutubishwa, kazi ambayo nchi chache tu duniani zinaifanya, kisha tuinunue.

Mimi siiogopi nyuklia (wenzangu wa barazani hunishangaa). Naliogopa giza, kwa kuwa nimelikaa. Miaka mingi tulitegemea jenereta za dizeli, na zikizimika nilisahihisha mitihani kwa kandili. Mwaka 2010 ndipo tulipopata waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Mhandisi wa Namtumbo akinifungulia ramani yake, kinu sitakiuliza. Nitamwomba anioneshe nguzo ya mwisho itasimama kijiji gani.