Nani aliyaambia magugu kwamba mvua itakatika mapema?



Msimu uliopita mama mmoja alinisimamisha njiani. Mahindi yake yalikuwa yamesinyaa kabla ya kubeba, lakini magugu ya pembeni yalikuwa yamekwisha toa mbegu na kuzimwaga chini. Akaniuliza, "Bwana shamba, haya nani aliyaambia kwamba mvua itakatika mapema?" Siku ile nilicheka tu nikawasha pikipiki. Leo nijibu, ingawa jibu lenyewe linaanzia mbali.

Mwaka 1906, huko Palestina wakati wa utawala wa Waturuki, mtaalamu wa kilimo aitwaye Aaron Aaronsohn aliona suke la ngano limeota kwenye ufa wa mwamba, karibu na kijiji cha Rosh Pinna. Halikupandwa na mtu. Ilikuwa ngano mwitu, bibi wa ngano tunayosaga kwa chapati. Watu wa ukanda ule walianza kuilima miaka kama 10,000 iliyopita.

Ngano hiyo ya porini ina tabia mbili ambazo mkulima hazipendi. Ya kwanza, suke likikauka hupukutika lenyewe. Punje huanguka pamoja na ndevu ndefu, na ndevu hizo hufanya kazi: usiku zikipata unyevu hunyooka, mchana zikikauka hupinda, na kwa kunyooka na kupinda huko punje husukumwa udongoni kidogo kidogo. Inajipanda yenyewe, bila jembe. Ya pili, mbegu zake hazioti zote kwa pamoja. Nyingine husubiri mwaka unaofuata, hivyo mvua ikidanganya, zilizobaki udongoni zipo. Wakulima wa kale waliokota masuke yasiyopukutika na mbegu zinazoota kwa pamoja, wakazipanda tena na tena. Ndivyo tulivyopata mazao, na ndivyo mazao yalivyopoteza ujanja wa porini. Siwalaumu. Nani anataka kuvuna punje moja moja kutoka ardhini?

Sasa njoo karibu zaidi. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa, akiwemo Eviatar Nevo, walikuwa na mbegu za ngano mwitu na shayiri mwitu walizokusanya sehemu 10 kwa kila moja. Wakazihifadhi. Mwaka 2008 mbegu zikakusanywa tena sehemu zilezile, kisha za zamani na za sasa zikapandwa pamoja katika banda moja, kwa matunzo yaleyale. Za mwaka 2008 zilichanua mapema zaidi: ngano kwa wastani wa siku 8 na nusu hivi, shayiri karibu siku 11. Kwa kuwa matunzo yalikuwa sawa, tofauti ilikuwa ndani ya mbegu zenyewe. Miaka 28 tu, na mimea imekwisha badilika kufuata joto na ukame.

Hapa watu wengi hukosea. Hakuna mmea hata mmoja uliojifunza chochote. Katika pori lolote kuna mimea inayowahi na inayochelewa, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana urefu. Mvua ikikatika mapema, iliyowahi inakuwa imemwaga mbegu. Iliyochelewa inakufa bila mtoto. Mwaka wa pili wanaota wengi wa ukoo wa waliowahi. Huko California haradali ya porini iliyokusanywa mwaka 1997 ililinganishwa na ya mwaka 2004, baada ya miaka kadhaa ya ukame, na hiyo ya baadaye nayo ilichanua mapema. Miaka 7 tu! Mama yangu, hakuna aliyeyaambia magugu yako. Yaliyochelewa yalikufa miaka ya nyuma, wewe unawaona wajukuu wa waliobaki.

Lakini Haifa waliona jambo jingine la kutia wasiwasi: aina za vinasaba ndani ya mimea hiyo zilikuwa zimepungua. Kila ukame unapochuja, kuna ukoo unaopotea, na ukipotea haurudi. Ngano mwitu ndiyo akiba wanakochota wazalishaji wa mbegu wanapotafuta ngano inayostahimili ugonjwa au kiu.

Mwafrika mwenzetu naye amefanya jambo hili kwa mikono yake. Nchini Niger, mbegu za uwele zilikusanywa mwaka 1976 na tena mwaka 2003 katika vijiji 79. Wakulima hawakuwa wamebadili sana aina zao, hata hivyo uwele wa mwaka 2003 ulikomaa mapema zaidi, kwa sababu kila mwaka walipanda kutoka kwa kile kilichonusurika. Ila tazama gharama: mimea na masuke yake pia vilikuwa vidogo zaidi. Kuwahi kunakula mavuno.

Kwa hiyo msimu huu, anayetunza mbegu zake za mtama au uwele asingoje kuchagua ghalani. Ghalani punje haisemi ilikomaa lini. Pita shambani mazao yakiwa yamesimama, funga kitambaa kwenye mimea mizuri, mingi, mia ukiweza, na isiwe ile ya kwanza kukomaa peke yake. Chukua iliyowahi na yenye suke nene, na chache za katikati, maana mwaka mwingine mvua hurefuka. Mahindi ya chotara usiyahifadhi kwa mbegu, yatakuvunja moyo. Ukiwa na mahindi ya kienyeji, chukua ya katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.

Na wewe mwenye duka: ukinunua mtama kijiji hiki na kile, usiumwage wote kwenye gunia moja kabla mtu hajakuuliza mbegu. Andika kwa kalamu juu ya gunia umetoka wapi. Mkulima wa bondeni na wa mlimani hawahitaji mbegu ileile, na nafaka ya kula usimuuzie mtu kama mbegu.