Ng'ombe sita walioiingiza ndege nyuki kwenye kazi ya polisi

Ajali kubwa ikitokea Barabara ya Morogoro karibu na Kibaha, majeruhi hukimbizwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Huku nyuma trafiki wanapima ajali na foleni inarefuka. Katika nchi nyingi siku hizi polisi hurusha ndege nyuki, ikapiga picha kutoka juu, vipimo vikapatikana humo na njia ikafunguliwa. Nasi tunazihitaji. Lakini historia yake ina onyo.

Juni 2011, karibu na mji mdogo wa Lakota, jimbo la North Dakota, Marekani, ng'ombe sita wa jirani waliingia shamba la mkulima mmoja, naye akakataa kuwarudisha. Msomaji wa Kisarawe au Rufiji anajua ugomvi wa mifugo unavyoweza kuwaka. Polisi walipofika na hati ya upekuzi, wanawe walitoka na bunduki. Mkuu wa polisi wa wilaya, Kelly Janke, akaomba msaada wa Predator, ndege isiyo na rubani ya walinzi wa mpaka. Ilizunguka juu hadi ikaonyesha kwamba familia haina silaha mikononi. Polisi wakaingia, wakawakamata, wala risasi haikulia.

Kesi hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ambapo raia wa Marekani alikamatwa kwa msaada wa ndege ya aina hiyo. Wakili wa mkulima alipinga, akisema haikuwa na kibali cha mahakama. Jaji akamkatalia mwaka 2012. Ubishi haukuisha. Mwaka 2015 jimbo hilohilo lilitunga sheria ya kuwataka polisi wapate kibali kabla ya kumpeleleza mtu kutoka angani.

Kwingineko ndege nyuki zimesaidia bila ubishi wa namna hiyo. Mei 2013 polisi wa Saskatchewan, Kanada, walimwokoa dereva aliyepata ajali usiku wa baridi. Ndege nyuki ilimwona kwa joto la mwili baada ya helikopta kumkosa. Aprili 2020 polisi wa Rwanda walitumia ndege hizo kutangaza masharti ya korona.

Hapa Tanzania, anayetaka kurusha ndege nyuki huomba ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hatua inayofuata ni ya Bunge: liandike wazi lini polisi wanahitaji kibali cha mahakama. Kisha ndege hizo zianzie barabarani, kwa ajili ya majeruhi wanaokimbizwa Tumbi.