Mtani wa Mpanda

Mjomba wangu alipata habari ya kifo cha mtani wake wiki sita baada ya mazishi, tena kutoka kwa dereva aliyekuwa akishusha mchele wa Mpanda pale Sumbawanga mjini. Ilikuwa Juni 2022, mwezi ambao upepo wa uwanda wa Ufipa hupenya hata makoti mawili. Nilimkuta dukani kwake amekaa juu ya gunia la maharage, mteja anauliza bei na yeye hajibu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wamemzika bila mimi. Sasa nani alizuia jeneza?"

Aliyewahi kuona watani msibani anajua uzito wa swali hilo. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuchekesha watu wakati wanalia. Anaingia na vituko, anamtukana marehemu, anawadai wafiwa, anagoma kupisha njia mpaka apewe kitu. Asipokuwepo, msiba unapita, lakini kuna deni linabaki.

Mjomba ni Mfipa, marehemu alikuwa Mkonongo wa Mpanda. Utani wao hawakuurithi kwa mababu. Ulitoka kwenye mpira.

Miaka ya 1990 mjomba alikuwa kipa wa timu moja ya Sumbawanga, na mwenzake mshambuliaji wa timu moja ya Mpanda. Majina ya timu hizo siyataji kwa sababu wangegombana ipi itangulie. Walikutana kwenye ligi ya mkoa, nyumbani na ugenini. Safari ilikuwa ya lori kwenye barabara ya vumbi, Chala, Kizi, kisha kupita mbugani hadi Sitalike kwenye viboko, halafu Mpanda. Masika walilala njiani. Walipofika walifungwa, wakalishwa, wakatukanwa vizuri, wakarudi. Mshambuliaji yule alimfunga mjomba mabao matatu siku moja, na tangu hapo hakumwita kwa jina. Alimwita "mlango".

Bibi yangu alipofariki mwaka 2003 nilikuwa mtoto, lakini hilo nalikumbuka. Mwanamume mrefu alishuka kwenye lori akiwa na mpira kwapani, akauweka katikati ya njia ya makaburini, akalala pembeni yake. Alidai jogoo mmoja na kipa mpya, kwa sababu yule aliyekuwepo, alisema, anavuja. Mjomba, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akakaa chini. Jogoo alitolewa.

Kwa nini basi mtu huyo alikufa na mjomba asijue? Simu walikuwa nazo. Lakini utani wao haukuwa wa simu. Ulikuwa wa ratiba, na ratiba ilikuwa imekatwa muda mrefu.

Wakati huo nilikuwa naanza shahada ya uzamili ya historia, na nilikusudia kuandika tasnifu kuhusu mipaka ya zamani ya Ufipa. Kabla ya ukoloni utawala wa Watwa uligawanyika ukawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Ulikuwa ukoo mmoja wa kifalme na lugha moja, na falme hizo zikapigana. Hata hivyo Joseph Thomson, Mskochi aliyepita hapa mwaka 1880, aliandika kuhusu watu wa amani walioshikilia kilimo kuliko wengine wote aliowaona safarini. Nilitaka kujua jinsi majirani wanavyotoka kwenye vita hadi kuvumiliana. Swali la mjomba lilinionyesha kwamba kuna mipaka ya karibu zaidi ambayo sikuwa nimeitazama.

Hadi mwaka 1974 Sumbawanga ilikuwa chini ya Mkoa wa Mbeya, na Mpanda chini ya Tabora. Mwaka huo zikaunganishwa ukazaliwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa tena, ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Sababu zilikuwa za utawala, na zilieleweka: mtu wa Mpanda hakutakiwa tena kusafiri zaidi ya kilomita 200 kufuata ofisi ya mkoa. Hakuna aliyelalamika kwa ajili ya mpira, na mimi pia nisingelalamika.

Lakini mpira wetu wa chini umejengwa juu ya mikoa. Kila mkoa una chama chake cha soka, kila chama kina ligi yake, na kila ligi hutoa bingwa anayekwenda kutafuta kupanda daraja kwenye mashindano ya mabingwa wa mikoa. Kwa hiyo mwaka 1974 karani aliyechora mstari ofisini aliwapa Sumbawanga na Mpanda wapinzani bila kukusudia, na mwaka 2012 mwingine akawanyang'anya, pia bila kukusudia. Timu za miji hiyo sasa haziwezi kukutana kwenye ligi ya mkoa. Zisubiri zote mbili ziwe mabingwa na zipangwe kituo kimoja, au zipande pamoja, au zicheze mechi ya kirafiki ambayo hakuna wa kuilipia mafuta ya lori.

Nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili nilikuta kwamba wenzetu wa mbali wamelifanya kwa makusudi. Ligi kuu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, kwa miaka kadhaa kuanzia 1974 ilipanga makundi yake bila kujali jiografia. Mwaka 1981 ikayapangua na kuyapanga upya kwa ujirani. Montreal na Quebec, miji miwili ya jimbo moja la Kanada, ikawekwa kundi moja. Umbali kati yake ni karibu sawa na wa Sumbawanga na Mpanda. Timu zilikutana mara nyingi kila msimu, kisha tena kwenye mtoano, na chuki yao ikawa tamu na ya kutisha. Ijumaa Kuu ya mwaka 1984 wachezaji walipigana hadi mapumziko yakapita wakaendelea kupigana.

Nikafurahi. Nikaandika sura nzima nikipendekeza kwamba madaraja yetu ya chini yapangwe kwa watani badala ya mikoa. Nikachora na ramani: Sumbawanga na Mpanda, Tunduma na Mbozi, Njombe na Iringa. Niliporudi likizo nikamsomea mjomba dukani, nikitegemea atafurahi.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Hao wa kwenye barafu bado wanapigana?"

Ilibidi niseme ukweli. Mwaka 1995 timu ya Quebec iliuzwa ikahamia Denver, Marekani. Montreal ikabaki haina mtani ndani ya jimbo lake.

"Basi," alisema, akaendelea kupima maharage.

Nilikasirika kidogo, nikarudi kwenye kumbukumbu kutafuta hoja za kumshinda. Nikapata za kunishinda mimi.

Sisi wenyewe tuliwahi kupanga makundi kwa ujirani. Msimu wa 2015/16 Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na timu 24 katika makundi matatu ya timu nane, na kila kundi lilipandisha timu moja. Kundi B lilikuwa na timu kadhaa za kwetu Nyanda za Juu Kusini: Lipuli ya Iringa, Njombe Mji, Kimondo ya Mbozi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaota. Lakini msimu huohuo siku ya mwisho ya Kundi C, lililokuwa la kanda ya ziwa, magharibi na kaskazini, Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora ikashinda 7-0, zote zikitafuta wastani wa mabao. Kamati ya nidhamu ya TFF ikaona kwamba matokeo yalipangwa, ikaziadhibu timu zote nne kwa kuzishusha, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Kundi dogo la kieneo halikuleta utani kwa kuwa tu limechorwa kwenye karatasi. Mtani wa kweli hawezi kukubali kufungwa nane. Atazisikia mpaka kaburini.

Kisha nikawafikiria Simba na Yanga, ambao taifa zima linawaita watani wa jadi. Hakuna kamati iliyowapanga. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na hadi mwaka 1971 Simba iliitwa Sunderland. Jangwani na Msimbazi ni mwendo wa miguu, vyote Kariakoo. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 iliwakuta wameshataniana karibu miaka 30. Ratiba haikuwazaa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanakutana mara mbili kila msimu, na imeifanya bila kukosa sana.

Mji wetu nao uliwahi kuazimwa utani. Mwaka 2020 Tanzania Prisons, timu ya Mbeya, ilihamishia mechi zake za nyumbani kwenye Uwanja wa Nelson Mandela hapa Sumbawanga. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo ikaifunga Simba, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa bao moja la Samson Mbangula. Nilikuwepo. Sijawahi kuona mji wetu ukipiga kelele vile. Wiki nzima nchi ilitutania kwamba ni ule uchawi wetu, maana jina la Sumbawanga lenyewe husemwa kuwa ni kumwambia mtu atupe uchawi, nasi tukajibu kwamba tuliutupa golini kwa Simba. Kwa siku chache tulikuwa watani wa mtu mkubwa.

Baadaye Prisons wakarudi Mbeya, ambako mtani wao halisi ni Mbeya City, mji mmoja na uwanja mmoja wa Sokoine. Mwaka 2023 Mbeya City wakashuka daraja, wakapanda tena mwaka 2025. Katikati hapo utani haukufa, kwa sababu mashabiki waliendelea kupanda daladala moja na kunywa chai kwenye mgahawa mmoja. Sisi tulioazimwa hatukubaki na mtu wa kumcheka. Kilichobaki ni picha kwenye simu.

Nilirudi kwa mjomba nikamwambia nimekosea. Akasema sikukosea sana. "Ninyi wasomi mnataka kupanga wapinzani," alisema. "Huwezi. Wewe panga watu wakutane, uwaache. Mwaka wa kwanza wanafungana. Wa tano wanadaiana. Wa kumi anakuja kulala kwenye njia ya kaburi la mama yako." Akanyamaza. "Ila usipopanga wakutane, hata huo mwaka wa kwanza haupo."

Sura ile nimeifuta na kuiandika upya. Sasa haidai kwamba ofisi ichague nani amtanie nani. Inadai jambo dogo zaidi, ambalo naamini linawezekana: mstari wa mkoa unapobadilishwa kwa sababu za utawala, ratiba ya mpira isikatwe pamoja nao. Ligi mbili za mikoa jirani zinaweza kuwa na hatua ya pamoja, hata ya timu mbili kutoka kila upande, kabla ya kutafuta mabingwa wao. Gharama ni mafuta, malazi na waamuzi. Hasara ya kutofanya haionekani kwenye hesabu yoyote, na ndiyo maana nimeiandika kwenye historia.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza mjomba Mpanda. Barabara ya siku hizi ina lami sehemu kubwa, basi halikulala popote, na Sitalike viboko walikuwa palepale kwenye tope lao. Mjomba alikuwa amebeba mpira mpya ndani ya mfuko wa rambo, na hakuongea njia nzima.

Tulipofika hakuingia ndani. Aliweka mpira mlangoni, akasimama nyuma yake ametanua mikono kama kipa, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye goti bovu, akapaza sauti kwamba haondoki mpaka arudishiwe mabao yake matatu. Kijana mmoja alitoka, mrefu kama baba yake. Alitutazama, akautazama mpira, akageuka kwa mama yake aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

"Mama, huyu mzee ni nani?"

Mama alikuwa ameshaziba uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Alipofunua uso alikuwa akifanya vyote viwili. Akamwambia mwanawe alete jogoo. Kijana akabaki amesimama, bado hajaelewa, na mama akalazimika kumweleza akianzia mbali. Zamani, alisema, sisi na Sumbawanga tulikuwa mkoa mmoja.