Hundi ya Julian

Mwaka 1995, mjini Cambridge, Massachusetts, Paul Graham na Robert Morris walikuwa wakiandika programu ya kumwezesha mfanyabiashara kujenga duka lake kwenye intaneti. Programu yenyewe ilikaa kwenye seva yao. Mwenye duka aliiendesha akiwa mbali, kwa kubofya tu ndani ya kivinjari. Leo hakuna anayelishangaa jambo hilo, ila wakati ule lilikuwa geni kabisa. Graham alikuwa na shahada ya uzamivu ya kompyuta kutoka Harvard, na alishasomea uchoraji Florence. Pesa ndizo hakuwa nazo.

Aliyewashika mkono ni Julian Weber, mume wa mchoraji Idelle Weber. Alitoa dola 10,000, akashughulikia makaratasi ya kisheria ya kampuni, akawapa ushauri wa biashara, naye akachukua asilimia 10. Kampuni hiyo, Viaweb, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1998 kwa hisa za thamani ya karibu dola milioni 49.

Watu husimulia hizo milioni 49. Mimi hundi ya Julian ndiyo inayonigusa. Nimeandika programu miaka mingi, ya kwanza ikiwa ya kuhesabu mali stoo kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, na sasa kazi yangu ni kusoma maombi ya vijana wanaotafuta mtaji. Nilipokuwa naanza, afisa mikopo aliniuliza hati ya nyumba. Hakuomba hata kuiona programu ikifanya kazi.

Mhandisi kugeuka mwekezaji halikuwa jambo jipya Marekani. Eugene Kleiner, mmoja wa waanzilishi wa Fairchild Semiconductor, alifungua mfuko wa uwekezaji pamoja na Tom Perkins tangu 1972. Lakini mifuko ya namna hiyo ilizoea kutoa mamilioni kwa kampuni chache. Kijana mwenye kompyuta na wazo hakuwa na mlango wa kubisha.

Machi 2005 Graham, Jessica Livingston, Morris na Trevor Blackwell walianzisha Y Combinator, kampuni ya kuwapa mtaji waanzilishi wa kampuni changa. Namna walivyopanga kiwango cha kutoa inanifurahisha kila ninapoifikiria, kwa sababu ni hesabu ya mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa meza. Walichukua mfano wa Julian, wakaangalia na posho ambayo wanafunzi wa uzamili wa MIT hulipwa kipindi cha kiangazi, wakafika dola 6,000 kwa kila mwanzilishi. Wawili walipata 12,000, na Y Combinator ikachukua kama asilimia 6. Maombi yalikuja 225. Kampuni 8 zikachaguliwa, Reddit ikiwemo. Kila Jumanne vijana wote walikula pamoja chakula alichopika Graham mwenyewe, kisha wakamsikiliza mgeni mwenye uzoefu.

Kuwalea kwa kundi, wote kwa msimu mmoja, ndiko kulikobadilisha kazi hii kuliko kiasi cha pesa. Mwandika programu hufanya kazi peke yake mno. Ukimkalisha na wenzake waliokwama palepale alipokwama yeye, hata tumaini hurudi. Mwaka 2014 Graham alimwachia uongozi Sam Altman, aliyekuwa katika kundi lile la kwanza.

Mlango huo umefika mpaka kwetu: NALA, kampuni ya kutuma pesa iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipitia Y Combinator mwaka 2019. Hata hivyo, mtaji mwingi wa kampuni changa za Dar es Salaam na Nairobi bado unatoka nje, na wahandisi wetu waliouza kampuni zao wakabaki na akiba ya kumwekezea mwingine ni wa kuhesabu. Namjua mmoja. Amempa binti wa Sinza shilingi milioni tano kwa sehemu ndogo ya hisa, na kila Jumamosi wanakaa kuipitia programu yake mstari kwa mstari. Wiki iliyopita walibishana saa nzima kama mteja aruhusiwe kukopa kabla hajamaliza deni la kwanza.