Toka Barua za Mapenzi Mpaka ChatGPT: Mashine Gani Imemfaa Mwandishi?

Watu wengi wanaamini mashine zimeanza kuandika juzi tu, Novemba 30, 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma na ghafla kila mtu mtaani akawa na barua ya kuomba kazi iliyonyooka kama ya wakili. Wapi! Mchezo huu una zaidi ya miaka 70, na tena ulianza na mapenzi.

Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, jamaa mmoja mtaalamu wa kompyuta aliitengenezea mashine ya chuo programu ya kuandika barua za mahaba. Barua zikawa zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo, zimesainiwa M.U.C., yaani kompyuta ya chuo yenyewe. Siri yake ilikuwa ndogo. Mashine ilipewa umbo la sentensi na orodha ya maneno matamu, ikawa inayachomoa kwa bahati nasibu kama mtu anavyochomoa karata. Haikumpenda mtu. Kila neno tamu ndani ya barua zile lilikuwa limechaguliwa kwanza na binadamu.

Hilo ni la kushika, maana kila programu iliyofuata inapimwa hapo hapo: kipi kimetoka kwa mashine, na kipi kimetoka kwa watu?

Eliza, bingwa wa kuuliza

Mwaka 1966 profesa mmoja wa chuo cha MIT, Marekani, aliitangaza programu aliyoiita Eliza. Huyu ndo bibi wa programu zote za kuchati. Kazi yake iliyovuma ilikuwa kuigiza mshauri wa kisaikolojia. Mtu akiandika kwamba mama yake hamwelewi, Eliza inalidaka lile neno "mama" na kumwomba aeleze zaidi kuhusu familia yake. Basi, hakuna kingine. Haikujua mama ni nini wala familia ni nini.

Lakini watu walifunguka balaa! Katibu wa profesa mwenyewe, aliyemwona bosi wake akihangaika na programu hiyo kwa miezi, alichati nayo kidogo tu kisha akamwomba bosi atoke chumbani, awaache faragha. Profesa alishtuka. Mwaka 1976 akatoa kitabu kizima cha kuonya kwamba kuna kazi za binadamu ambazo kompyuta haifai kukabidhiwa, hata kama ingeziweza.

Kwa mwandishi, Eliza ina somo kubwa. Yenyewe haikutunga kitu cha maana, ila ilimfanya mtu aandike. Swali likikaa vizuri, mtu anajikuta ametoa habari aliyokuwa ameifungia kifuani miaka.

Racter, mropokaji

Mwaka 1984 kikaingia sokoni Marekani kitabu kilichotangazwa kuwa cha kwanza kuandikwa na kompyuta. Mwandishi: Racter. Sarufi yake ilikuwa safi, lakini habari zenyewe vurugu tupu, kama ndoto za mtu mwenye homa. Wapo waliokipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Baadaye wadadisi wakaijaribu programu ya Racter iliyouzwa madukani, wakaona haiwezi kufika kiwango cha kitabu bila mtu kuiandalia violezo vya kutosha. Kumbe nyuma ya pazia kulikuwa na watu wakipanga na kuchagua. Ni hadithi ya Manchester ileile, safari hii ina jalada na bei.

Watatu wa leo

ChatGPT ilipopasua njia, Machi 2023 zikafuata Claude ya kampuni ya Anthropic na Bard ya Google, ambayo Februari 2024 ilibadilishwa jina ikawa Gemini. Hizi hazichomoi maneno kwenye orodha fupi. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, vitabu na kurasa za mtandaoni, kisha zinakisia neno linalofuata, moja baada ya jingine. Ndo maana zinateleza vizuri kuliko mababu zao.

Ukizilinganisha kwa jicho la mwandishi, mbio za mwanzo zilikuwa za kumbukumbu. ChatGPT ya awali ilisahau mapema. Mtunzi wa riwaya akifika sura ya nne, mhusika wa sura ya kwanza keshapotea. Mei 2023 Claude ikapanuliwa ikaweza kupokea takriban maneno 75,000 kwa mkupuo, yaani riwaya nzima. Februari 2024 Google ikatangaza Gemini 1.5 yenye uwezo wa mara kumi ya hapo. Toleo linaloongoza leo, baada ya miezi michache limepitwa. Kubishana ipi ni kali ni kama kugombania ubingwa wa ligi wakati mechi hazijaisha.

Cha kuangalia zaidi ni pale zinapofanana. Kwanza, zote zinaweza kubuni jambo na kulisema kwa uso mkavu. Juni 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mei 2025 gazeti moja la Chicago lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Kati ya hivyo, 10 havipo duniani, ingawa majina ya waandishi yalikuwa ya watu wa kweli!

Pili, zinapenda kusifia. Aprili 2025 kampuni ya ChatGPT ililazimika kuliondoa toleo lake jipya kwa sababu lilikuwa linamsifu mtumiaji kupita kiasi. Kwa mwandishi hiyo ni sumu. Anayeambiwa kila siku kwamba kazi yake ni tamu hatarudi kuirekebisha. Na kwa anayeandika Kiswahili kuna la tatu: zimelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, hivyo sentensi inaweza kuwa na maneno yetu yote na bado ikanuka tafsiri.

Nani amelipa gharama?

Hapa ndo pachungu. Februari 2023 jarida moja la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi lilifunga mlango wa kupokea kazi kwa muda, baada ya kukuta zaidi ya hadithi 500 za mashine ndani ya mwezi huo. Mei 2 mwaka huo huo, waandishi wapatao 11,500 wa filamu na televisheni Marekani waliweka kalamu chini. Wakakaa siku 148. Mkataba waliorudi nao unasema mashine haihesabiki kuwa mwandishi. Mwandishi anaweza kuitumia kampuni ikiridhia, lakini kampuni haiwezi kumlazimisha.

Septemba 2025 kampuni yenye Claude ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu, kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kwenye maktaba haramu za mtandaoni.

Nairobi nako kuna watu ndani ya hadithi hii, ila hawana jina kwenye jalada lolote. Januari 2023 ilifichuka kwamba vijana wa Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu, ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Na katika jiji hilo hilo wapo waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za kulipwa. Kazi ile ilikuwa na maswali yake, lakini ililipa kodi ya nyumba. ChatGPT ilipoingia, oda zikakauka. Mmoja aliisafisha mashine, mwingine mashine ikamla.

Hata hivyo si kila aliyeigusa ameumia. Januari 2024 mwandishi mmoja wa Japani aliyeshinda tuzo ya Akutagawa alisema takriban asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka kwa ChatGPT. Tofauti ni kwamba ndani ya riwaya hiyo kuna programu ya kuchati inayoongea. Yeye ndiye aliyeamua mashine iseme wapi na inyamaze wapi.

Basi anayetaka faida bila hasara aigeuze ChatGPT, Claude au Gemini iwe Eliza. Aipe rasimu yake, aikataze kuandika hata mstari mmoja, aiagize imuulize maswali kumi magumu. Ikimuuliza shangazi wa sura ya pili alivaa nini siku ya msiba, na kwa nini hakulia, jibu halipo kwenye kompyuta yoyote. Analo yeye.