Wahadzabe: Makuzi na Lishe ya Watoto

Wahadzabe ni kabila dogo, la watu elfu moja na ushei, wakaao kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, ambao baadhi yao hata leo hupata riziki yao kwa uwindaji na kwa matunda, mizizi na asali ya porini. Makuzi ya watoto wao yamechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi, maadamu ni nadra siku hizi kumkuta mtoto alelewaye kwa chakula kisicholimwa wala kufugwa.

Mtoto hunyonya hadi apate kama miaka miwili na nusu, na miongoni mwa vyakula vya kumwachishia ziwa ni uji wa ubuyu, mafuta laini ya mnyama na uboho wa mifupa. Unga wa ubuyu hukorogwa kwa maji, na kokwa zake, zenye mafuta mengi, hupondwa kwa jiwe zikaliwa vilevile. Wafikapo miaka mitano hivi, watoto huenda makundi kwa makundi karibu na kambi, wakaokota mabuyu, wakachuma matunda, wakachimba mizizi isiyo ya kina, hata wakajipatia sehemu kubwa ya chakula chao. Watoto wa Wakung, wawindaji wa Kalahari, aghalabu walibaki kambini, kwani nchi yao ni tambarare isiyo na alama na mtoto hupotea upesi, ilhali nchi ya Eyasi ina vilima na majabali ya kumwongoza.

Wataalamu Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walieleza mwaka 1997 kwamba uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa huongezeka kwa kadiri ya bidii ya mama yake katika kutafuta chakula. Lakini mama akijifungua mwingine, uzito wa yule mkubwa hufuata bidii ya bibi yake. Mwanamke mzee, aliyekwisha kukoma kuzaa, huketi juani na muo mkononi, akichokoa udongo na kusukuma mawe mpaka aufikie mzizi uitwao ekwa, ambao mtoto mdogo hana nguvu za kuung'oa. Kwa rai yetu, katika habari yote hii hakuna jambo listahililo kutazamwa zaidi ya hili.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maisha hayo ni mepesi. Mtoto mmoja katika watano hufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawafiki miaka 15, maradhi yakiwa muuaji mkubwa. Watu wazima nao ni wafupi, wanaume wakiwa na wastani wa sentimita 162 na wanawake 150. Basi ampimaye mtoto wao kwa kimo peke yake, bila kuuliza habari ya siha yake na ya wazazi wake, hajamaliza kazi.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwahamishia wengi katika kijiji cha Yaeda Chini. Maradhi yakazuka, watu wakafa, na waliosalia wakarejea porini. Tangu hapo mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na mifugo ya majirani imezidi kubana ardhi yao, na unga wa mahindi umeshika nafasi ya mizizi katika kambi nyingi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya eneo la hekta zipatazo 20,000, pamoja na mibuyu iliyomo.