Haki ya Kuvua Samaki Katika Afrika ya Kusini

Samaki wa baharini hana mwenyewe mpaka aingie wavuni. Kwa sababu hiyo, serikali itakapo kuzuia samaki wasimalizwe, haina budi kuamua ni nani atakayevua, na kwa kiasi gani. Hapo ndipo haki hupimwa, na habari za Afrika ya Kusini zatufunza mengi.

Zamani za utawala wa ubaguzi wa rangi, uliokwisha mwaka 1994, sehemu kubwa ya ruhusa za kuvua ilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Wazungu. Mwaka 1998 ilitungwa sheria mpya, ili kuhifadhi viumbe vya bahari na kuondoa dhuluma hiyo. Lakini sheria ilitambua wavuvi wa namna tatu tu: wa biashara, wa kujiburudisha, na wa kujipatia kitoweo. Mvuvi mdogo wa pwani, aliyekula baadhi ya samaki wake na kuuza waliosalia ili anunue unga na kulipa karo, hakuwa na mahali pake. Kuomba ruhusa ya biashara kulihitaji ada na hati nyingi, naye hakuwa na fedha wala karani. Basi kazi ya babu zake ikageuka kuwa kosa.

Mwaka 2004 wavuvi hao walikwenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Usawa iliamuru wapewe nafuu ya muda, na serikali iandike mpango mpya. Mpango huo ulitoka mwaka 2012, na sheria ikarekebishwa mwaka 2014, ili haki ya kuvua ipewe jamii kwa pamoja.

Je, shida zilikwisha? La. Kambakoche wa mwambao wa magharibi walikuwa wamepungua mno, hata kila aliyeongezwa katika mgawo alipunguza fungu la mwenziwe. Tena, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, kazi ya kuwahakiki wavuvi ilivurugika, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2022.

Twaona, basi, kwamba kuhifadhi samaki peke yake si haki, wala kugawa ruhusa bila kujali idadi ya samaki si hekima. Na sheria inayomsahau mtu yaweza kumdhulumu sawasawa na ile iliyotungwa kwa makusudi ya kumnyima.